Kufungua tena shule ndogo ya Kiswahili Mombasa maradhi yakiwa bado mjini

Mwongozo huu nimewaandikia wenye shule ndogo za Kiswahili, zile za walimu watatu wanne, ambako mgeni wa ng'ambo au Mkenya wa bara huja kujifunza lugha kwa kuishi ndani yake. Asubuhi yuko darasani, mchana yuko Marikiti akiuliza bei ya bamia, usiku analala kwa mwenyeji Kibokoni au Kuze, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa. Sijui njia bora ya kuipata lugha kuliko hii, na natamani kila shule ya namna hiyo ifungue milango yake. Lakini maradhi yanayosambaa kwa hewa, kama Korona, yakiwa mjini, shule hizi zina hatari mbili ambazo shule ya kawaida haina. Kazi yake yote ni kusema, na pumzi ndiyo inayobeba maradhi. Halafu mwanafunzi akitoka darasani harudi bwenini kwa vijana wenzake, anarudi kwenye nyumba yenye wazee. Yeye ana miaka 25. Akiambukizwa, pengine atakohoa siku chache na kupona. Atakayelazwa ni bibi aliyempikia mahamri.

Ndiyo maana sianzi na kipimajoto cha mlangoni. Aliyeambukizwa Korona huweza kuwaambukiza wengine kiasi cha siku mbili kabla hajaona dalili, na wengine hawapati homa hata kidogo. Kiweke ukitaka, ila kisikupe utulivu. Anza na wazee, kisha hewa, halafu mengine.

1. Nenda kwa wenyeji kabla hujamjibu mwanafunzi yeyote

Zungukia kila nyumba inayopokea wanafunzi wako. Usipige simu, nenda. Ukae barazani, uulize nani anaishi humo, wana umri gani, nani ana sukari, presha, pumu au maradhi ya moyo, vyumba ni vingapi, na choo ni kimoja au viwili. Usizungumze na baba mwenye nyumba peke yake. Mama ndiye atakayepika, kufua shuka na kumuuguza mgonjwa, naye ndiye anayejua kwamba bibi wa chumba cha nyuma amekuwa akihema tangu juzi.

Hapa pana jambo la pwani linalotaka uangalifu. Watu wetu huona haya kumkataa mgeni. Ukimuuliza Bi mkubwa uso kwa uso kama yuko tayari kumpokea mwanafunzi, atakwambia karibu, hata kama moyoni anaogopa. Kwa hiyo usidai jibu siku hiyo. Mwachie siku kadhaa, kisha mtume mtu asiye wewe, jamaa anayemwamini, aje achukue jibu. Na umweleze wazi tangu mwanzo kwamba akikataa sasa, jina lake halifutwi, na mambo yakitulia atakuwa wa kwanza kuulizwa.

Lipo na suala la pesa. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zinategemea kodi ya mwanafunzi mmoja kulipa umeme na karo. Mama aliyekaa miezi bila mgeni atakubali hatari ambayo hangekubali akiwa na akiba, na hilo ni juu yako kulizuia. Mtafutie kazi isiyomweka bibi hatarini: apike chakula cha mchana kikafuatwe, au alipwe kwa saa kuzungumza na mwanafunzi barazani, nje, kwa nafasi. Mwanafunzi naye apangishwe chumba karibu, chenye mlango wake na choo chake. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba nyumba yenye mzee au mgonjwa na choo kimoja hailali mwanafunzi, hata mwenyewe akisisitiza.

Chanjo ikiwepo, wenyeji na walimu ndio wa mwanzo kusaidiwa kuipata. Kenya ilianza kuchanja Korona Machi 2021. Lipa nauli ya tukutuku, msindikize mzee, subiri naye foleni. Chanjo humpunguzia sana mtu hatari ya kuugua vibaya, lakini haizuii kila maambukizi, kwa hiyo madirisha yabaki wazi.

2. Soma amri, na uandike mkataba unaojua kwamba amri hubadilika

Mwaka 2020 mambo yalikwenda kwa kasi. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi. Tarehe 15 ikatoka amri ya kufunga shule. Tarehe 27 kafyu ikaanza. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Na tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungiwa peke yake, sawa na Eastleigh ya Nairobi. Njia za kutoka Mombasa hazikufunguliwa mpaka Julai. Shule zilirudi kwa mafungu: gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne tarehe 12 Oktoba 2020, waliobaki tarehe 4 Januari 2021.

Ziangalie tarehe hizo kama mwenye shule ambaye wanafunzi wake wanalala ndani ya Mji wa Kale. Mkataba wako uandike haya: kufunga kukitokea katikati ya muhula, mwanafunzi atalala wapi, atalishwa na nani, masomo yataendelea kwa simu au yatasimama, na pesa ngapi atarudishiwa. Kila mgeni aandike jina la mtu wa kwao wa kupigiwa simu, na awe na bima inayolipia kulazwa kwa maradhi hayo hayo. Kisha nenda ofisi ya afya ya kaunti umwombe afisa wa afya aje aone mahali pako. Ni bora akukague akiwa rafiki kabla hajaja kwa malalamiko ya jirani.

3. Hewa

Tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington nchini Marekani, wanakwaya 61 walikutana ndani kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Walioishia kuugua, akiwemo yeye, walikuwa 53, kwa kuhesabu waliothibitishwa na waliodhaniwa, na wawili wakafariki. Walikuwa wakiimba, na kuimba ni kutoa pumzi kwa nguvu mfululizo. Sasa lifikirie darasa la lugha: watu wanane chumbani wakirudia kwa pamoja baada ya mwalimu, kila mmoja akipaza sauti asikike. Kadiri sauti inavyopanda, ndivyo vitone vidogo visivyoonekana vinavyozidi kutoka mdomoni, na katika chumba kilichofungwa huelea kwa muda mrefu.

Darasa basi lihamie nje. Mombasa imejaliwa hilo. Baraza pana, ua wa ndani, paa la saruji panapoanikwa nguo, kivuli cha mwembe, hata bustani ya Mama Ngina asubuhi kabla watu hawajajaa. Ujue upepo wako: kaskazi huvuma kiasi cha Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili na kuendelea miezi mingi, na panapopepewa vizuri Januari huenda pakatulia tuli Julai. Wapange wanafunzi kwa upana wa upepo, wasikae mmoja nyuma ya mwenzake upepo ukitoka kwa wa mbele.

Ukilazimika kutumia chumba, kiwe na madirisha pande mbili zinazokabiliana, yote wazi, mlango wazi, na panka (feni) moja isimamishwe dirishani ikiielekeza hewa nje. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kinapoza hewa ile ile na kuizungusha. Hakileti hewa mpya, na huwashawishi watu kufunga madirisha. Kizime. Vyumba vya chini vya nyumba za kale, vile vya kuta nene za mawe na kidirisha kimoja juu, vina ubaridi mzuri lakini havifai kabisa kwa somo la kusema.

Namna ya kukipima chumba: kama unaweza kupata kifaa cha kupima kabonidayoksaidi, kiwashe chumba kikiwa na watu. Nje kitasoma karibu 420 (ppm, yaani sehemu katika milioni). Ndani jitahidi kisivuke 800. Kikipanda, punguza watu au toka nje. Kama huna, tumia chetezo. Fukiza ubani mpaka moshi utande chumbani, toa chetezo nje, fungua madirisha na panka kama siku ya somo, kisha tazama. Moshi ukiondoka kwa dakika chache, chumba kinapumua. Ukibaki ukining'inia kwenye kona, usifundishie humo. Hiki si kipimo cha maabara, lakini kinakuonyesha kwa macho pumzi za wanafunzi zingekwenda wapi. Fanya hivyo chumba kikiwa kitupu, na mwenye pumu awe mbali.

Swali la masika lisikukute hujajiandaa. Aprili na Mei mvua hupiga za ubavuni na baraza hulowa. Uwe na turubai lililofungwa juu tu, pande zikiwa wazi. Mvua ikizidi, katisha somo, uendelee kwa simu. Kishawishi cha kusema "tuingieni ndani kidogo tu" ndicho kinachobomoa mpango mzima.

4. Gawa shule kwa nyumba

Kikundi kiwe na wanafunzi wanne na mwalimu mmoja, na wenyeji wa wanafunzi hao wahesabiwe kuwa ndani ya kikundi hicho. Vikundi visichanganyike, si darasani, si kwenye chai, si kwenye safari ya Ijumaa. Faida yake ni hii: mmoja akiugua, unajua mara moja ni nyumba zipi zijulishwe, na kikundi kingine kinaendelea.

Mwalimu ndiye daraja linalosahauliwa. Walimu wetu wengi hufundisha hapa asubuhi, tuisheni Tudor alasiri, na madrasa magharibi. Ukimtaka abaki na kikundi kimoja, mlipe kiasi cha kumtosha kubaki. Vinginevyo unamwomba achague kati ya tahadhari na chakula cha wanawe.

5. Matamshi na barakoa

Hapa ndipo walimu huniuliza zaidi, na wana haki. Mwanafunzi anataka kuuona ulimi ukigusa meno katika "dh" na "th"; barakoa inauficha. Na sauti zetu nyingine ni pumzi tupu. Mwalimu wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, anayefundisha tofauti ya paa wa porini na paa la nyumba humshikisha mwanafunzi kipande cha karatasi mbele ya mdomo, kiruke kwenye neno la kwanza na kitulie kwenye la pili. Zoezi hilo ni zuri sana, na ndilo lisilofaa kabisa kufanyiwa ndani.

Yagawe masomo kwa mahali. Kusoma, kuandika, sarufi na kusikiliza kunaweza kufanyika ndani kwa sauti ya chini, barakoa zikiwa zimefunika pua na mdomo. Matamshi yawe nje, mwalimu akiwa umbali wa mita tatu, wanafunzi wakitamka mmoja mmoja. Kurudia kwa pamoja kuachwe kabisa kwa wakati huu. Mashairi yasomwe nje, na msomaji mmoja, upepo ukitoka kwa wasikilizaji kwenda kwake.

Yale ya ulimi na meno, mwalimu ajirekodi video nyumbani, peke yake, mwanga ukimpiga usoni, dakika mbili kwa kila sauti, kisha aitume kwa WhatsApp. Mwanafunzi ataitazama mara ishirini, atajirekodi sauti na kuirudisha isahihishwe. Kwa maoni yangu hili liendelee hata maradhi yakiisha, kwa sababu mwenye haya hujaribu zaidi akiwa peke yake chumbani. Barakoa zenye dirisha la plastiki zinasaidia pia, ila joto la Februari huzijaza ukungu.

6. Somo la kwanza liwe la ugonjwa

Shule nyingi za namna hii zina sheria ya Kiswahili kitupu: ukivuka kizingiti, lugha nyingine unaiacha nje. Sheria hiyo isimame pale mtu anapojisikia vibaya. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza asiyejua kusema kwamba kifua kimembana atanyamaza, aone aibu, alale, na kesho yake aamkie meza moja na bibi. Mwambie siku ya kufika, kwa lugha yake, kwamba habari ya afya husemwa kwa lugha yoyote, saa yoyote, kwa mtu huyu, kwenye namba hii.

Kisha mfundishe maneno yenyewe, kabla hata ya kuhesabu: nina homa, kichwa kinaniuma, koo linawasha, sisikii harufu, sisikii ladha, napumua kwa shida, naomba nipelekwe hospitali. Na mfundishe namna ya kukataa kwa adabu, maana mgeni asiyejua kukataa atakubali kila kitu: "Niwie radhi bibi, nakuamkia kwa mbali ili nikulinde." "Ahsante mama, naomba nile kwenye sahani yangu." Salamu ya mkono kifuani na kuinamisha kichwa tunayo tangu zamani, kwa wasiopeana mikono. Ieneze kwa wote. Kubusu mkono wa mzee kungoje.

7. Sinia, kahawa, soko na feri

Kula sinia moja ni sehemu ya kuishi nasi, na linauma kuliacha. Liache. Kila mtu na sahani yake, uani au barazani, kwa sababu wakati wa kula barakoa haipo. Futari ya Ramadhani vilevile: kikundi kwa kikundi, nje. Kwa muuza kahawa, mwanafunzi aende na kikombe chake. Vikombe vya deli, lile birika lake la kahawa, huoshwa ndoo moja.

Sokoni, chagueni meza za nje na saa za watu wachache, wawili wawili, si msururu wa wanafunzi wanane nyuma ya mwalimu. Soko la Kongowea linapofurika asubuhi si pa mazoezi. Tukutuku, wazi pande zote, ni bora kuliko matatu iliyofungwa vioo. Kuvuka Likoni, epukeni saa za watu kwenda na kurudi kazini. Msongamano mkubwa uko kwenye kungojea feri kuliko kwenye feri yenyewe.

8. Maji na usafi

Mabomba ya mjini hayaaminiki, kwa hiyo uwe na pipa lenye bomba na akiba ya madumu. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu vizuri. Tumia sabuni ya maji na muda mrefu zaidi, si chini ya sekunde ishirini. Kwa meza na vitasa, dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe 34 vya maji. Changanya mpya kila siku, wala usiitie pamoja na dawa nyingine ya choo, kwani inaweza kutoa hewa ya sumu. Zaidi ya hapo usijichoshe kunyunyiza kuta na njia. Nguvu hizo zipeleke kwenye madirisha.

9. Mgeni anapofika

Dalili za Korona huchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza, mara nyingi kama siku tano. Anayetoka safari asipelekwe moja kwa moja kwa mwenyeji. Mweke siku za mwanzo kwenye chumba cha peke yake, masomo kwa simu, matembezi ya nje, na apimwe kabla ya kuingia kwenye nyumba ya watu.

10. Mtu akiugua

Chumba kimoja kiwe tupu daima, chenye dirisha na choo, tayari kwa mgonjwa. Usikipangishe hata msimu ukiwa wa biashara. Achaguliwe mhudumu mmoja, kijana mwenye afya, anayeacha chakula mlangoni na kuvaa barakoa nzuri akiingia. Nunua kipima oksijeni cha kidoleni. Namba za kawaida ni 95 na zaidi. Ikishuka chini ya 94, piga simu kwa daktari saa hiyo hiyo. Kuhema, kifua kuuma, midomo kubadilika rangi au kuchanganyikiwa hakungoji namba: ni hospitali. Mjue mapema mtakwenda ipi, gari la nani, na nani atabeba gharama.

Mgonjwa akae peke yake siku 10 tangu dalili zianze, na siku tatu zaidi zisizo na dalili. Nyumba za kikundi chake zijulishwe siku ile ile. Sema kwamba kuna mgonjwa kikundini. Jina si lazima, na lisitajwe barazani. Mwaka 2020 wako waliozificha dalili kwa kuogopa kupelekwa karantini kwa gharama zao na kunyooshewa vidole mtaani. Anayejua kwamba hatafukuzwa, hatadaiwa na hatasemwa, atakuja kukwambia mapema.

11. Andika sasa ni lini utafunga

Usilingoje tukio likakutetemesha. Kaa na walimu na wenyeji wawili, muafikiane na kuandika: wagonjwa wawili katika vikundi tofauti ndani ya wiki moja, tunasimama; hospitali za mjini zikitangaza kujaa, tunasimama; mwenyeji yeyote akisema anaogopa, kikundi chake kinahamia kwenye simu siku hiyo. Andikeni na jina la mtu mmoja anayeweza kusimamisha masomo bila kuomba ruhusa ya mwenye shule, kwa sababu mwenye shule ana madeni ya kodi na huona ugumu kuamua. Ningependelea awe mmoja wa akina mama wenyeji. Nakala ipelekwe kila nyumba kabla mwanafunzi wa kwanza hajapanda ndege.